Haiku moja kwa siku kwa Kiswahili: mizani, mkato, na pale wengi wanapokwama

Mwiko_Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa wanaotaka kuandika haiku moja kila siku kwa siku 30, kuhusu mambo ya kawaida: jiko, kituo cha basi, foleni ya maji, kodi ya nyumba. Naweka utaratibu, mwenye la kuongeza au kupinga aje.

Kwa asiyeijua, haiku ni ubeti wa mishororo mitatu uliotoka Japani, mizani (yaani silabi) 5, 7, 5, bila vina. Ilianza kama hokku, yaani ubeti wa kufungulia shairi refu la kupokezana. Mshairi Bashō (1644–1694) aliupa ubeti huo uzito wa kusimama peke yake, na jina la haiku likashika miaka ya 1890 kwa juhudi za Masaoka Shiki. Kwa zoezi letu Shiki ndiye wa kumtazama, maana alisisitiza kuchora kitu kama kilivyo mbele ya macho. Aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo hadi akawa wa kitandani, na moja ya haiku zake zinazojulikana sana ni ya mtu anayeuliza tena na tena theluji huko nje imefika kimo gani. Imeishia hapo, na inatosha.

Utaratibu wenyewe: daftari dogo la mfukoni, kurasa mbili zinazotazamana. Ukurasa wa kushoto ni wa chambuzi za mchana, yaani vidokezo vya ulichokutana nacho, tatu kwa siku, kila moja maneno matano hadi kumi, hakuna kuhesabu mizani. Andika kilichoonekana, kilichosikika au kilichonukia, na saa. Mfano: "saa 1 asubuhi, mfuniko unagonga sufuria, gesi imekata." Jioni tenga dakika kumi, chagua chambuzi moja kati ya tatu, ndipo uhamie kulia na kuhesabu. Simu nayo inafaa, ila kwenye simu watu hufuta rasimu ya kwanza, na rasimu ya kwanza ndiyo inayokuonyesha ulikosea wapi.

Anayeanza kwa kuhesabu mizani kabla ya kuwa na kitu cha kusema huishia hivi:

*Maisha haya*
*ni safari ya shida,*
*tuvumilie.*

Hesabu: 5, 7, 5, kamili kabisa. Lakini hakuna hata kitu kimoja humo ambacho jicho limekiona. Ni khanga bila mvaaji. Sasa ile chambuzi ya gesi:

*Gesi yaisha —*
*mfuniko wagonga*
*mara ya mwisho.*

Hapo shida ipo, na neno shida halipo.

---

KinubiChaKale

Shairi lisilo na vina ni mazungumzo. Kiswahili kina tarbia, kina utenzi, kina tathlitha ya mishororo mitatu mnayoweza kuitumia kama mnataka ufupi. Kwa nini tuazime vazi la watu?

---

Mwiko_Mkavu

Mzee Kinubi, tathlitha ni mishororo mitatu, lakini kazi yake ni nyingine. Kila mshororo wa bahari ya kawaida una mizani 16, nane na nane, kwa hiyo ubeti mmoja wa tathlitha ni mizani 48. Haiku ina 17 yote kwa jumla. Katika 17 ukianza kutafuta vina, kina ndicho kitakachochagua neno badala yako. Jaribu kumalizia mishororo yote mitatu kwa "-ani" uone ni wapi utakapolazimika kuweka "jamani".

Na ugumu mkubwa zaidi wa mshairi wa Kiswahili akija kwenye haiku si vina. Ni wasia. Tumezoea beti ya mwisho ifunge kwa funzo. Mshororo wa tatu ukifika, mkono wenyewe unatafuta methali. Huo mkono uzuie.

---

HesabuVidole

Niingie kwenye hesabu, maana ndipo nyuzi za namna hii huvurugikia.

Kiswahili kimebahatika. Kijapani hakihesabu silabi kama Kiingereza, kinahesabu vipigo vinavyoitwa "on". Jina Tokyo lina on nne (to-o-kyo-o), Nippon nne (ni-p-po-n). Yaani irabu ndefu ni vipigo viwili na "n" inaweza kusimama peke yake. Sisi ni vilevile karibu: kaa ni ka-a, mtu ni m-tu. Ndiyo sababu 5-7-5 inatukaa vizuri kuliko inavyowakaa waandishi wa Kiingereza. Wao mizani 17 inawapa maneno hata kumi na mbili na zaidi, ubeti unanenepa, na wengi wao wameshaachana na hesabu hiyo. Kwa Kiswahili 17 ni maneno sita hadi tisa. Hesabuni ya Mwiko hapo juu, ni saba.

Sasa mitego.

"M" na "n" mwanzoni mwa neno. Kanuni ni mkazo: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo neno likiwa fupi mno, ile nazali inalazimika kubeba mkazo na inakuwa mizani kamili. Nzi ni n-zi, mbili. Nzige ni nzi-ge, mbili pia. Mbwa ni m-bwa, mbu ni m-bu, nchi ni n-chi, mpya ni m-pya. Lakini mbuzi ni mbu-zi, ndizi ni ndi-zi.

Halafu kuna "m" ya ngeli, iliyotokana na "mu". Hiyo ni mizani daima. Mvuvi ni m-vu-vi, tatu. Mvua ya mawinguni ni mvu-a, mbili. Neno mbaya linabadilika kwa anayesifiwa: mtu m-ba-ya ni tatu, ndizi mba-ya ni mbili. Ukikosea hapa, mshororo wako wa mizani tano una sita na hujui.

Irabu zikifuatana kila moja ina mizani yake: ma-u-a, re-di-o, ki-tu-mbu-a. "Kwa", "bwa", "mwa", "nya", "ng'o" ni moja moja.

Ubishi upo kwenye maneno ya kutohoa yenye konsonanti mbili: alfajiri, daftari, maktaba. Wapo wanaosoma al-fa-ji-ri (nne), wapo a-l-fa-ji-ri (tano). Amua siku ya kwanza, andika kanuni yako kwenye jalada la daftari, usiibadilishe siku ya 12 eti kwa sababu umepungukiwa.

---

Bint_Kusi

Kongole HesabuVidole. Niongeze la vitenzi, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili ni mlafi. "Wanapokimbizana" ni mizani saba, neno moja limekula mshororo mzima wa kati. Wengi wakiona hivyo hukimbilia wakati wa "-a-": alala badala ya analala, yaisha badala ya inaisha. Unaokoa mizani moja. Lakini ukiitumia kila siku, haiku zako zitasikika kama vichwa vya habari vya gazeti. Konda afuta, mama apika, polisi akamata. Changanya. Siku nyingine usiweke kitenzi kabisa, nomino mbili zikikaa pamoja zinatosha.

Tena ule wakati una hatari ya ngeli. "Wagonga" inaweza kuwa mfuniko (u-a) au watu (wa-a). Kwa hiyo nomino iwe mshororo uleule na kitenzi chake, kama alivyofanya Mwiko. Ukiitenganisha msomaji atasimama kuuliza nani anagonga.

Wale waliosoma fasihi shuleni wanakumbuka inkisari na mazida. Inkisari, yaani kufupisha neno, itumie kwa kiasi. Mazida, yaani kurefusha ili mizani itimie, usiiguse. Na mazida ya siku hizi si kurefusha neno, ni kujaza: "sana", "kweli", "pale", "hapo", "eti". Ukimaliza ubeti, piga mstari chini ya kila neno lenye mizani mbili ambalo ukilitoa picha inabaki vilevile. Hayo ni mawe uliyoongeza kwenye mizani ili pishi litimie.

Kinachofaa kupangua ni mpangilio wa maneno. Peleka kitu kizito mwisho wa mshororo wa tatu.

---

Jani_Bichi

Nafuatilia. Mkato ni nini hasa? Kila mahali wanasema haiku lazima ikatwe.

---

Mwiko_Mkavu

Karibu Jani_Bichi. Wajapani wana maneno maalumu ya kukatia, kama *ya*, *kana*, *keri*. Kazi yake ni kuvunja ubeti vipande viwili ili msomaji aruke kutoka kimoja kwenda kingine. Sisi tunatumia kistari, au tunategemea pumzi. Kipande kimoja kina mshororo mmoja, cha pili kina miwili.

*Mvua ya vuli —*
*konda afuta noti*
*kwa shati lake.*

Ondoa mkato uandike "konda anafuta noti kwa shati lake kwa sababu ya mvua ya vuli." Ni taarifa. Ukikata, msomaji anapata mwenyewe kwamba noti zimelowa, dirisha halifungi, shati nalo pengine limelowa pia.

Makosa ni mawili. La kwanza, sentensi moja iliyokatwakatwa mara tatu kwa kisu cha hesabu. La pili ni kinyume chake, mikato miwili:

*Tarehe moja —*
*mwenye nyumba abisha —*
*redio kimya.*

Vipande vitatu, kila kimoja kinavuta kwake, kama orodha ya sokoni. Geuza:

*Redio kimya —*
*hodi ya mwenye nyumba*
*tarehe moja.*

Maneno karibu yaleyale. Sasa unasikia redio imezimwa kabla hujajua kwa nini.

---

KinubiChaKale

Hiyo ya redio nimecheka. Ila inachekesha watu, haina majira wala mti. Ni haiku kweli?

---

Bint_Kusi

Swali zuri mzee wangu. Kwa Wajapani hiyo ingeitwa senryū: umbo lilelile, lakini inamulika tabia za watu na haidai neno la majira. Jina lilitokana na Karai Senryū wa karne ya 18. Ukiandika kuhusu maisha ya mjini, nusu ya kazi zako zitaangukia huko, na si aibu. Weka tu herufi S pembeni ili mwisho wa mwezi ujue umeandika ngapi za namna hiyo. Ukikuta 25 kati ya 30, umekuwa unawatazama majirani tu na hujainua kichwa.

Nalo neno la majira, *kigo*, wenzetu wana kamusi zake nzima. Usichukue za kwao. Cheri ikichanua haimwambii kitu msomaji wa Tanga. Tengeneza orodha yako kurasa za nyuma za daftari: masika, vuli, kiangazi, kipupwe, kaskazi, kusi, demani. Halafu vitu vinavyokuja na majira bila kuyataja: kumbikumbi kwenye taa, embe dodo, senene kwa watu wa Bukoba, jakaranda za Nairobi, mkrismasi unapowaka mwekundu Desemba. Neno "kumbikumbi" peke yake limeshasema mvua imenyesha jana, usiandike mvua tena. Ukitaja vyote viwili umelipa mara mbili.

Tahadhari: Ramadhani si neno la majira kwa maana hiyo, maana inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua. Inakuja kwenye masika, inakuja kwenye kiangazi. Itumie, ila ongeza kitu cha hali ya hewa. Wajapani wenyewe walipata tabu ya kalenda walipohamia ya kimataifa mwaka 1873, mwaka mpya ukahama mahali pake, na vitabu vyao vya majira vikaishia kuupa sehemu yake pekee.

---

Baridi_Ya_Magharibi

Na sisi tulio Kanada? Masika hapa ni hadithi tu.

---

Bint_Kusi

Andika kilicho mlangoni pako, ndugu. Kiswahili kina neno theluji, litumie.

*Theluji mpya —*
*ufunguo wagoma*
*kwenye kitasa.*

Hesabu "mpya" mbili. Unachopaswa kukwepa ni kuandika embe kila siku kwa sababu ya kumkumbuka mama nyumbani. Hiyo ni barua, iandike kama barua.

---

HesabuVidole

Turudi kwenye zoezi la kila siku, maana hapo ndipo watu huachia, kwa kawaida wiki ya pili. Sababu si kukosa muda. Ni kwamba wiki ya kwanza unatumia picha zote za wazi: machweo, mvua, mtoto anacheka. Siku ya tisa unafungua daftari, hakuna kitu. Dawa ni kujifunga badala ya kujiachia. Jumatatu andika sauti tu. Jumanne harufu. Jumatano kitu kilicho kiganjani. Alhamisi kitu kilichoharibika. Ijumaa chakula. Jumamosi mtu usiyemjua jina. Jumapili hakuna kuandika, ni kusoma sita za wiki na kuchagua moja.

Zile nyingine usizitupe na usizirekebishe siku hiyohiyo. Haiku iliyolala usiku mmoja huonyesha ufa wake asubuhi.

Ukikosa siku, usiandike mbili kesho yake kulipa deni. Ile ya deni huandikwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu inajaza vivumishi: anga nzuri, upepo mwanana.

---

KinubiChaKale

Hapo sikubaliani nawe, na safari hii nimesoma kabla ya kuja. Buson, mshairi wa Kijapani wa karne ya 18, ana haiku maarufu ya kukanyaga kitana cha marehemu mkewe chumbani, na baridi ya kitana ikampenya. Mkewe alikuwa hai, tena akaishi kuliko yeye. Aliibuni. Kwa hiyo si lazima kila kitu kiwe kimeonekana leo.

---

HesabuVidole

Kweli, na ni haiku kubwa. Ila angalia alichobuni: kitana, sakafu, mguu. Hakubuni "huzuni". Anayeweza kubuni kitu kigumu kama kitana na abuni. Anayeanza, siku 30 za kwanza, aandike alichokiona.

Na kuhusu wingi, msiogope kuandika nyingi mbovu. Issa, mshairi mwingine wa Kijapani, aliacha haiku zipatazo 20,000. Richard Wright, mwandishi Mmarekani mweusi, akiwa Ufaransa kwenye miezi yake ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1960, aliandika kama 4,000, akachuja hadi 817. Ni karibu moja kwa kila tano. Kwa mwezi wenu wa haiku 26 hivi, tarajieni tano za kubaki.

---

Mwiko_Mkavu

Nionyeshe namna ya kurekebisha, hatua kwa hatua, chambuzi moja. Kituoni alfajiri: anayekaanga vitumbua, moshi, foleni.

Rasimu ya kwanza:

*Mama hodari*
*apika vitumbua*
*kwa moyo wote.*

"Hodari" ni hukumu ya mwandishi. "Moyo wote" hauonekani kikaangoni. Sentensi moja iliyokatwa. Na vitumbua havipikwi, vinachomwa au vinakaangwa, msomaji anayejua jiko amekukamata hapo.

Rasimu ya pili:

*Moshi na watu*
*wangoja vitumbua,*
*kwapambazuka.*

Hukumu imeondoka, afadhali. Lakini sasa moshi nao unangoja kitumbua, na macho hayajui yatue wapi. Vitumbua vingapi? Kipi?

Swali hilo la "kipi" ndilo linalofungua. Katika picha nzima, tafuta kitu kimoja kinachoweza kuhesabika.

*Foleni ndefu —*
*kitumbua cha mwisho*
*chapinduliwa.*

Mama hayupo ila mkono wake upo. Moshi haupo ila moto upo. Mapambazuko yameachwa, foleni ya vitumbua yenyewe ni ya asubuhi. Kama ungetaka kuongeza "nani atakosa?", mshororo wa nne ndio huo, usiuandike.

---

Bint_Kusi

Kitu kimoja hakijasemwa: tanakali za sauti. Kiswahili kimejaa: chubwi, pu, kacha, jii, totoro. Mizani moja hadi tatu, na zinafanya kazi ya vivumishi vitano.

*Giza totoro —*
*mkono wapapasa*
*kopo la chumvi.*

Na neno "kumbe". Mizani mbili, linabeba mshtuko wa kugundua, halina mwenzake mwepesi kwenye lugha nyingi. Ni mkato tayari. Lakini moja kwa mwezi inatosha, ukilizoea kila ubeti unageuka kichekesho.

Mkitumiana kwenye simu, tenganisheni mishororo kwa mkwaju (/), maana wengine hunakili na mistari ikaungana. Na anayesoma asiseme "nzuri sana". Aseme ameona nini. Akisema ameona kitu ambacho hukukiweka, ama umefaulu sana ama umepotea, muulize zaidi.

---

Jani_Bichi

Basi naweka ya leo, ya gengeni. Nimehesabu kwa vidole:

*Joto la mchana*
*mbwa alala chini ya*
*meza ya nyanya*

---

HesabuVidole

Mshororo wa kwanza sita: jo-to-la-m-cha-na. Wa pili nane, "mbwa" ni mbili. Tena umeacha "ya" ikining'inia mwisho wa mshororo, haiwezi kusimama hapo bila mwenzake. Wa tatu uko sawa.

*Joto la Machi —*
*mbwa chini ya meza*
*ya nyanya mbivu.*

Hesabu imekaa, na kitenzi kimeondoka bila hasara.

---

Bint_Kusi

"Mbivu" nimeitilia shaka. Jani, nyanya zilikuwa mbivu, au ni HesabuVidole anajaza pishi?

---

Jani_Bichi

Zilikuwa masalo dada, zile zilizolainika zinazouzwa kwa fungu la bei ya chini. Na mbwa hakuwa amelala usingizi. Alikuwa anahema tu, ulimi nje.

---

Bint_Kusi

Sasa mbona hayo hukuyaandika kwenye ukurasa wa kushoto? Joto litoe, mbwa ameshalisema.

*Nyanya masalo —*
*mbwa ahemahema*
*chini ya meza.*

---

HesabuVidole

5, 7, 5. Nimekubali, pishi lilikuwa na mawe.